Nyumba Yako na Ruhusa ya Ujenzi



Watu wengi hudhani kwamba mtu akiwa na hati ya kiwanja chake, basi nyumba iliyosimama juu yake aweza kuigeuza apendavyo. Jambo hilo ni kweli kwa upande mmoja tu. Kupaka chokaa au rangi, kutia kioo mahali pa kilichovunjika, kuziba ufa mdogo wa plasta, kupigilia bati jipya badala ya lililoliwa na kutu, juu ya boriti zile zile: hayo ni matengenezo ya kawaida, na kwa desturi hayahitaji ramani.

Lakini kuna mpaka. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imekataza mtu kuanza ujenzi, au kubadili matumizi ya jengo, kabla ya kupewa ruhusa na serikali ya kaunti. Kwa hiyo anayeongeza chumba au orofa, anayebomoa ukuta, anayegeuza sebule kuwa duka, au anayehamisha choo na mifereji ya maji machafu, huyo hana budi kuuliza kwanza.

Wengine hupima jambo hili kwa gharama, wakisema kazi ndogo haina ruhusa. Hilo ni kosa. Kupaka rangi nyumba nzima huenda kukala fedha nyingi kisha kusimdhuru mtu. Kubomoa ukuta mmoja ni kazi ya vibarua wawili na nyundo, asubuhi moja.

Chukueni mfano wa mwenye nyumba ya orofa ambaye sebule yake ni nyembamba, naye ataka kuiunganisha na chumba cha pili. Kwa macho kuta zote ni sawa. Lakini ziko zinazogawa vyumba tu, na ziko zinazobeba orofa ya juu na paa. Ukuta wa kubeba ukiondolewa pasipo boriti imara ya kupokea mzigo wake, pengine nyumba haitaanguka siku hiyo, na fundi atalipwa na kwenda zake. Baadaye nyufa hutokea pembeni mwa madirisha, na milango hukwama. Wakaao juu huenda ni wapangaji, ambao hawakuulizwa neno.

Madhara ya kujenga bila ukaguzi yameonekana. Jengo la orofa lililoanguka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, liliua watu wapatao 50. Jengo hilo halikuwa na ruhusa.

Anayeanza bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Tena kaunti yaweza kumwamuru arudishe mahali pale kama palivyokuwa, na hasara hiyo mara nyingi huwa kubwa kuliko faini yenyewe.

Mwombaji hupeleka ramani iliyochorwa na mtaalamu aliyesajiliwa, pamoja na ada. Asipopata jibu la maandishi katika siku 60, sheria huhesabu kwamba ruhusa imetolewa. Ndiyo maana stakabadhi yenye tarehe ya kupokewa maombi ni karatasi ya kutunzwa vizuri, wala isiachwe mfukoni mwa fundi.

Mkulima naye asidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa mjini peke yao, kwa maana sheria hiyo haikuandikwa kwa miji tu. Hakuna atakayemwuliza kwa kuezeka upya banda la kuku. Lakini akitaka kujenga vyumba vya kupangisha kando ya barabara, aanzie kwenye ofisi ya mipango ya kaunti yake.

Katika Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, uangalifu huzidi. Huko hata mlango wa nakshi au plasta ya nje yafaa kuulizwa kwa wahifadhi, kwa kuwa kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hupumua unyevu, nazo zikifunikwa kwa saruji unyevu hubaki ndani na kuzila polepole.