Macho na Mikono Turubaini

Mnamo Mei 1989, wasanii tisa, akiwamo mchoraji kiziwi Betty G. Miller, waliandika katika Chuo Kikuu cha Gallaudet mjini Washington, Marekani, tamko la De'VIA, yaani sanaa inayoeleza kwa makusudi maisha ya viziwi, ambayo hutambulikana kwa rangi kali zinazokinzana na kwa macho, midomo, masikio na mikono iliyokuzwa kupita kiasi. Kipengele chake kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni kile kinachokubali kwamba hata msanii anayesikia, kwa mfano mtoto wa wazazi viziwi, ambaye Wamarekani humwita koda, anaweza kuifanya sanaa hiyo iwapo kazi yake inatokana na maisha hayo.

Hoja hiyo ina mashiko, kwa kuwa koda hulelewa katika nyumba ambamo mtu huitwa kwa kuwasha na kuzima taa au kwa kupiga kishindo sakafuni, na ambamo nyusi zikiinuliwa huigeuza kauli kuwa swali, maana katika Lugha ya Alama ya Marekani uso ni sehemu ya sarufi. Kwake, basi, mkono mkubwa kuliko kichwa si kichekesho. Sikio, hata hivyo, ni suala jingine: msanii kiziwi anaweza kulichora kama alama ya shinikizo la kulazimishwa kusema kwa mdomo, ilhali koda, ambaye mara nyingi humkalimania mzazi mbele ya daktari au karani wa benki tangu utotoni, huenda akalichora kama mzigo.