Futeni Ubao, Mwulize Mtoto



Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Kupitisha ni rahisi. Watakaosimama na chaki ni ninyi, walimu mnaohitimu leo hapa Lumino.

Hapo ng'ambo ya mpaka tu, Busia na Teso za Kenya, miaka ya 1990 shule kadhaa ziligawiwa vitabu vya kiada, na wachumi Glewwe, Kremer na Moulin wakafuatilia. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale. Kremer baadaye alipata Nobel, ingawa nadhani mama yeyote wa sokoni hapa angewaambia hivyo bure.

Stanislas Dehaene, mtafiti Mfaransa wa ubongo, anaeleza kwamba kusoma ni kuunganisha herufi na sauti ambazo mtoto anazo tayari. Kwa hiyo jueni anakuja na nini. Mtoto wa Kisamia ngeli anazo kichwani, amezinyonya nyumbani. Mwenzake Mjapadhola wa Tororo hana. Kwake "kiti kizuri, viti vizuri" ni mambo mageni kabisa. Msimwite mzito. Asikie mifano mingi kwanza, kanuni zitafuata.

Ninachokiogopa zaidi ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anasema, darasa linapaza sauti, mkaguzi anaondoka ameridhika, na asiyejua hata neno moja amejificha humo humo. Kuitikia huko ni kurudia tu, si kukumbuka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani: baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka walihifadhi mengi kuliko waliorudia kusoma. Waliorudia kusoma ndio waliokuwa wamejiamini zaidi!

Basi futeni ubao. Neno "mizani" mlilofundisha Jumatatu, liulizeni Jumatano bila kuliandika, kisha tena wiki inayofuata. Ukishamwuliza mtoto, nyamaza. Mpe nafasi alitafute mwenyewe. Akikosea, msahihishe palepale, bila kiboko wala kicheko cha wenzake.

Mzazi akilalamika kwamba darasani kwenu hakusikiki kelele za masomo, mkaribisheni ndani. Achague mtoto yeyote, amwambie asimulie kwa Kiswahili jinsi samaki wanavyouzwa sokoni.