Ufunguo Wako, Usimpe Mutu

Ndugu vijana wa Kolwezi,

Kila mchimbaji anajua depo za Musompo. Unaleta magunia, mwenye depo anapima kwa mizani yake na mashini yake, halafu anakutajia bei. Wewe unapokea tu.

Leo watu wanapita kwenye WhatsApp wakiuza "roboti" za kripto. Wanasema: lipa, tupe ufunguo wa akaunti yako, lala, makuta yatakuja. Sisi tunasema: ile njo mizani ya mutu mwingine tena!

Roboti si uchawi. CCXT ni maktaba ya programu, ya bure, msimbo wake uko wazi. Ukiiita ndani ya Python, inaongea na masoko ya kripto zaidi ya 100. Mistari michache inatosha kuuliza bei ya bitcoin ao kutuma oda. Tujifunze wenyewe.

Lakini tuangalie. Ukitengeneza ufunguo, funga ruhusa ya kutoa makuta. Na hata ruhusa ya kununua na kuuza peke yake inaweza kukumaliza: mwizi anaitumia akaunti yako kununua, kwa bei ya juu, kripto yake isiyo na thamani. Kwa hiyo ufunguo haupewi mutu, hata rafiki.

Tuanzie kwenye soko la majaribio, na pesa za uongo. Roboti haijui bei ya kesho. Wazo baya inalipoteza haraka tu. Makuta ya unga na ya masomo ya watoto yabaki nyumbani.

Safari hii, mizani tushike sisi.