Mkaidi, au Hasikii?

Fungueni pamoja nasi Injili ya Marko, sura ya 7, kuanzia mstari wa 31.

Zamani tulikuwa na mtoto mmoja katika shule ya Jumapili. Akiitwa, haitiki, akiulizwa, hututazama midomo tu. Tukamwita mkaidi, tukamketisha nyuma. Kumbe alikuwa hasikii vizuri! Tulimwadhibu bila kosa, na kwa kumweka nyuma tukamnyima hata kile kidogo alichoweza kusikia.

Bwana Yesu hakufanya hivyo. Kipofu Bartimayo alimsemesha kwa sauti, maana masikio yake yalikuwa mazima. Lakini yule kiziwi wa sura ya 7 alimchukua kando, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni. Alisema naye kwa mikono na kwa macho. Upendo ulikuwa mmoja, njia zilikuwa mbili.

Watoto wetu nao hawafanani. Asiyeona husoma kwa vidole, maandishi ya nukta nundu. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kiziwi anahitaji lugha ya ishara, ambayo Katiba yetu ya mwaka 2010 yaagiza ikuzwe. Mwenye ulemavu wa miguu pengine ana akili kali, ila ngazi za darasa humzuia. Mwingine huelewa polepole: afundishwe jambo moja moja, tena na tena. Mwingine huchanganya herufi, ingawa ukimsimulia hadithi huirudia yote. Huyo si mvivu. Na mwenye usonji aweza kutaabishwa na kelele au badiliko la ghafula.

Wazazi, msiwafiche nyumbani. Wapelekeni mapema katika vituo vya serikali vya kuwapima watoto kielimu, vilivyoanza mwaka 1984. Nasi tunaofundisha, kabla ya kumlaumu mtoto tujiulize: Je, anasikia? Anaona? Anaelewa?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa ajili ya watoto tuliowahukumu kabla ya kuwajua. Utupe subira ya kumchukua kila mmoja kando, kama ulivyofanya wewe, mpaka tuijue njia yake. Amina.