Waliofiwa Waulizwe

Hapa Mamboleo, Kisumu, kila msiba una simulizi yake: homa ilianza lini, mtoto alipelekwa wapi, dawa ilipatikana? Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya yenye kituo Kisian, walianza kufuatilia kaya za Asembo na Gem, Siaya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maelezo kama hayo huyakusanya kwa maswali ya mpangilio mmoja, kisha hukadiria chanzo cha kifo. Hivyo hata mtoto aliyefia nyumbani huhesabiwa. Malaria ilijitokeza miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto; chanjo yake ikajaribiwa Siaya na Kombewa kuanzia 2009, na Septemba 2019 ikazinduliwa Homa Bay. Wanaopanga utafiti wa umma wasitegemee rekodi za hospitali pekee. Wawaulize waliofiwa kwa utaratibu, na warudi kuwaeleza walichogundua.