Huzuni ya Arjuna na Safari ya Kujitambua



Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, tuikumbuke sura ya kwanza kati ya sura 18 za Bhagavad Gita. Sura hiyo yaitwa yoga ya huzuni ya Arjuna. Maana yake, huzuni yenyewe imehesabiwa kuwa hatua ya safari ya kiroho. Shujaa yule awaona jamaa na walimu wake katika majeshi yote mawili. Mwili watetemeka, upinde wamponyoka. Hafichi. Amweleza yote Krishna, mwendesha gari lake la vita, na mafundisho yaja baadaye, katika sura ya pili.

Nasi viatu twavivua mlangoni, lakini hasira juu ya ndugu zetu twaingia nayo mpaka mbele ya taa za arati. Gita yafundisha kwamba hasira huzaliwa na tamaa, kisha huvuruga fikra hata busara ikapotea. Basi tusiifunike kwa tabasamu. Tuiulize: tulitamani nini tukakikosa? Heshima? Urithi? Neno la shukrani? Tukishalijua jibu, tutaweza kumwendea ndugu yetu na kusema naye kwa upole.

Om shanti.