Joto hii ni mvua inabisha hodi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Uvira)



Siku hizi kila mutu analalamika joto. Usiku hatulale. Lakini hapa Uvira, joto ya mwezi wa tisa na wa kumi inatangulia mvua. Jua linachoma bonde, ziwa linatoa mvuke, hewa inapanda kwenye milima ya Mitumba, na jioni moja upepo unafika mbele ya maji.

Mulongwe tunaijua. Tarehe 16 na 17 mwezi wa ine 2020 ilishuka na mawe. Watu makumi walikufa, nyumba maelfu zikaharibika. Na sisi tuliorudi, wengi tulikuta viwanja vyetu vimekaliwa, tukanunua vya bei rahisi. Viko wapi? Pembeni ya mto.

Sanduku yetu imezoea kununua majeneza. Mwaka huu naomba inunue kwanza misumari na nyaya. Tuanze na wajane na wazee, tuwafungie manjanja kabla upepo haijayabeba. Jumamosi ya salongo tuzibue mitaro. Radi ikianza, toka ziwani, usijifiche chini ya mwembe. Maji ikipanda usiku, acha magodoro, beba watoto, ondoka karibu na mto.

Wafadhili, mahema tunashukuru. Lakini hema inakuja kiisha watu kufa. Tusaidieni kuhamisha wale wa ukingoni kabisa. Vita tuliikimbia, tukarudi wazima. Tusizikwe na mvua.